Rusha mpira, hesabu jouli: mwongozo kamili wa kupima nishati na mwendo kwa simu na futi

Wadau, kuna imani moja imekaa vichwani mwa watu na haitaki kutoka, kwamba ukirusha mpira juu nguvu ya mkono inapanda nao, inaisha taratibu njiani, ikikata kabisa ndo mpira unageuka kurudi chini. Ulizia hapa Dodoma pale stendi ya Nanenane au kijiweni kwenu Makole, wengi watakujibu hivyohivyo, na hata wa fomu foo aliyekariri kanuni zote ukimbana sawasawa anarudi palepale. Ukweli ni kwamba nguvu ya mkono inaishia mkononi. Vidole vikishaachia, mpira hausukumwi tena na mtu, unaondoka na mwendo na nishati uliyoupa, basi, na kuanzia hapo unaoshughulika nao ni mvutano wa dunia tu, na hewa kidogo. Hili usiniamini mimi, lipime mwenyewe, simu na futi ya fundi vinatosha.

Hatua ya kwanza, kusanya vitu na chagua saa

Unahitaji mpira mmoja (nitatumia wa tenisi kwa sababu uzito wake unajulikana, kanuni za tenisi zinataka uwe kati ya gramu 56 na 59.4, sisi tuchukue 58), simu inayorekodi vidio, futi ya mita tano, chaki, na mtu wa kukusaidia. Mpira wa soksi wa kuchezea rede (ule mchezo wa kumrushia mpira aliye katikati, naye anakwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa) nao unafaa kabisa ila uupime kwanza, tena tumia mizani ya digitali, ile ya mawe ya mwenye genge gramu 58 haizioni. Mpira wa mifuko ya rambo siku hizi ni wa kutafuta, tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 soksi ndo imebaki na ufalme wake.

Saa ni muhimu kuliko unavyodhani. Upepo wa Dodoma unaujua mwenyewe, hasa kiangazi, mchana unaweza ukarusha mpira juu ukaukuta kwa jirani. Fanya saa moja au saa mbili asubuhi, hewa imetulia na mwanga upo wa kutosha. Mwanga nao usiudharau, simu nyingi kwenye giza zinapunguza fremu (zile picha moja moja zinazounda vidio) kimyakimya, unadhani umerekodi fremu 30 kwa sekunde kumbe ni 24 au chini ya hapo, na hesabu zako zote zinaharibika bila wewe kujua.

Hatua ya pili, andaa ukuta na simu

Tafuta ukuta wa kama mita tatu, chora mistari ya chaki kila sentimita 20 kuanzia chini. Kama nyumba haijapigwa plasta hata chaki huhitaji, pima kozi moja ya tofali pamoja na udongo wake alafu hesabu kozi. Simu iegemeze kwenye tofali juu ya meza au stuli, usiishike mkononi, iwe mbali na ukuta mita tano au zaidi na ielekee ukuta wima, isiinamishwe.

Hapa kuna mtego unaokula watu wengi. Mpira haupiti ukutani, unapita mbele ya ukuta, na kitu kilicho karibu na kamera kinaonekana kikubwa na kinasafiri mbali zaidi kwenye picha. Simu ikiwa mita 5 kutoka ukutani na mpira ukapita nusu mita mbele ya ukuta, kila umbali utakaosoma kwenye chaki utakuwa umezidi kwa kama asilimia 11. Dawa yake ni mbili, rudisha simu nyuma hadi mita 10 na ukae karibu na ukuta, au zidisha kila umbali uliosoma kwa 4.5 gawa kwa 5. Mimi napenda ya kwanza, haina hesabu.

Hatua ya tatu, rusha juu na uhesabu fremu

Mrushaji asimame ubavuni karibu na ukuta, arushe kwa mkono wa chini, wima, kutoka usawa wa kifua, mpira upande na kushuka bila kugusa kitu, audake usawa uleule alioachia. Rekodi kwa fremu 30 kwa sekunde kwanza. Alafu fungua vidio kwenye programu inayosogeza fremu moja moja, kwenye kompyuta VLC inafanya hivyo ukibonyeza herufi E. Hesabu kuanzia fremu ambayo vidole vimeachia hadi fremu mpira unagusa tena kiganja. Tuseme umepata fremu 36. Hizo ni sekunde 1.2.

Sasa angalia unavyopata kila kitu kutoka namba hiyo moja. Nusu ya muda ni ya kupanda, sekunde 0.6. Mvutano wa dunia unapunguza mwendo wa kitu kinachopanda kwa mita 9.8 kwa sekunde kila sekunde inayopita, kwahiyo mpira uliondoka mkononi na 9.8 mara 0.6, sawa na mita 5.88 kwa sekunde. Kimo ulichofika ni nusu ya 9.8 mara 0.6 mara 0.6, sawa na mita 1.76 juu ya mkono. Umeona, chaki za ukutani hatujazisoma bado, zamu yao inakuja hatua ya nne.

Nishati mwendo, yaani nishati ya kitu kinachoenda, ni nusu ya tungamo (kilo zake) mara mwendo mara mwendo tena, na kipimo chake ni jouli. Gramu 58 ni kilo 0.058, kwahiyo nusu ya 0.058 mara 5.88 mara 5.88, inakuja jouli 1.0. Yaani kale karusho ka kawaida tu ka usawa wa paa ni jouli moja kamili. Kule juu kabisa mwendo ni sifuri na nishati yote imegeuka kuwa nishati tuli, ile ya kitu kuwa juu, ambayo ni tungamo mara 9.8 mara kimo: 0.058 mara 9.8 mara 1.76, unapata jouli ileile moja.

Hatua ya nne, hii ndo yenye utamu

Usiishie kwenye mwanzo na mwisho. Rudi kwenye vidio uandike kimo cha mpira kila baada ya fremu 6, yaani kila sekunde 0.2, ukisoma kwenye chaki kuanzia usawa wa mkono. Kwa karusho ketu utaona namba zinazokaribia hizi: 0, 98, 157, 176, 157, 98, 0, zote sentimita. Sasa toa kila namba na iliyotangulia uone mpira umesogea kiasi gani kila kipande. Kipande cha kwanza umepanda 98, cha pili 59, cha tatu 20, cha nne umeshuka 20, cha tano umeshuka 59, cha sita umeshuka 98.

Zitazame taratibu. Kutoka 98 kwenda 59 pungufu ni 39. Kutoka 59 kwenda 20, 39. Kutoka kupanda 20 kwenda kushuka 20, hiyo nayo ni 39 au 40 kwa sababu ya kukata desimali. Kutoka kushuka 20 kwenda kushuka 59, 39. Kila kipande kinanyang'anywa kiasi kilekile, mpira ukiwa umetoka mkononi sasa hivi, ukiwa kileleni, ukiwa unarudi, haibadiliki. Ingekuwa kuna nguvu ya mkono imebebwa na mpira na inaisha kidogo kidogo, basi mwanzoni pungufu lingekuwa dogo alafu linakua, tungeliona hapa kwenye namba. Halipo. Na watu wanaodhani kule juu mpira unatulia sekunde kidogo bila kuvutwa na chochote, waangalie kile kipande cha katikati, mvutano upo palepale na kiasi chake kilekile, mwendo ndo uliofika sifuri kwa kitambo kisichoshikika.

Alafu chukua hiyo 39, iandike mita 0.392, gawa kwa 0.2 mara 0.2. Unapata 9.8. Umepima mvutano wa dunia kwenye ukuta wa nyumba yenu. Wewe ukipata 9.3 au 10.2 usikate tamaa, kusoma chaki kwa kosa la sentimita mbili tu kunatosha kuleta tofauti hiyo, rudia mara kadhaa uchukue wastani.

Kuna swali zuri la kumtega nalo mtoto wa sekondari: je mpira ukifika nusu ya kimo mwendo wake ni nusu? Hapana. Nusu ya kimo, yaani sentimita 88, nusu ya jouli imeshakuwa tuli na nusu bado ni mwendo, na mwendo wenyewe ni mita 4.16 kwa sekunde, robo tatu haijafika ila nusu imepita mbali, ni kama asilimia 71 ya mwendo wa mwanzo. Mwendo unakuwa nusu pale muda wa kupanda ukiwa nusu, kwenye sekunde 0.3, na hapo mpira upo tayari robo tatu ya kimo, sentimita 132, umebaki na robo jouli tu ya mwendo. Ndo maana kwa macho mpira unaonekana kama unakaakaa juu, nusu nzima ya muda wake hewani unautumia kwenye ile robo ya juu kabisa.

Hatua ya tano, makato ya hewa

Hesabu zote hapo juu zimejifanya hewa haipo. Ipo, na inafanya kazi kama makato ya kutuma pesa kwa simu: nishati inabadilika kutoka mwendo kwenda tuli na kurudi, ila kila safari kuna kinachokatwa na hakirudi, kinaishia kupasha moto hewa na mpira kidogo sana usiohisika. Kwa karusho ka jouli moja makato ya kupanda ni asilimia chache tu. Tatizo ni kwamba ukinzani wa hewa unakua kwa mraba wa mwendo, ukiongeza mwendo mara mbili hewa inavuta mara nne. Mpira wa tenisi ukitoka mkononi na mita 20 kwa sekunde, hewa inauvuta nyuma kwa kani (nguvu ya kuvuta au kusukuma) inayokaribia sehemu saba kwa kumi ya uzito wake mwenyewe, hapo huwezi tena kujifanya haipo.

Kama simu yako ina slomoshen ya fremu 240 rusha juu kwa nguvu kiasi, hewani kama sekunde mbili, alafu hesabu fremu za kupanda peke yake na za kushuka peke yake. Kushuka kunachukua fremu kadhaa zaidi. Kwa fremu 30 tofauti hiyo huioni. Sababu ni hayo makato, mpira unarudi mkononi na mwendo mdogo kuliko ulioondoka nao. Jaribu na mpira wa karatasi uliokunjwa, tofauti inajionyesha yenyewe.

Na sisi wa Dodoma tupo kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa kama sehemu moja ya kumi, kwahiyo makato yetu ni nafuu kidogo. Mpira uleule, mkono uleule, huku unafika mbali kidogo. Usiwe na haja ya kujisifia kwa hilo lakini.

Hatua ya sita, rusha mbele

Kabla ya mpira, fanya la sarafu. Weka sarafu mbili za mia mbili ukingoni mwa meza, moja juu ya ncha ya rula inayoning'inia nje ya meza, nyingine mezani ubavuni mwa rula karibu kabisa na ukingo. Piga rula kwa pembeni haraka. Moja inadondoka wima, nyingine inaruka mbali. Funga macho usikilize sakafuni: zinagonga pamoja. Kwenye meza ya sentimita 76 zote zinatumia kama sekunde 0.39, ile iliyodondoka tu na ile iliyoruka mita mbili. Kwenda mbele hakupunguzi kasi ya kuanguka hata kidogo. Galileo alilieleza hili mwaka 1638, mwendo wa mbele na mwendo wa wima kila mmoja unaenda na mambo yake, ukiviunganisha ndo unapata ile njia ya kupinda.

Sasa toka nje kwenye uwanja. Tuchukue mwendo wa kuondoka mita 12 kwa sekunde, ambao kwa mpira wa tenisi ni jouli 4.2. Kwa kutoijali hewa, na ukiachia na kudaka usawa mmoja, pembe ya nyuzi 45 inakupa umbali mkubwa kuliko zote, mita 14.7. Nyuzi 30 na nyuzi 60 zinakupa umbali sawa, mita 12.7. Ila sikiliza wacheza rede: ya nyuzi 30 inafika ndani ya sekunde 1.2 na ya nyuzi 60 inachukua 2.1. Yule aliye katikati anajaza mchanga kwenye chupa, ukimrushia ya juu anakuwa ameshaongeza konzi nyingine na kukwepa bila jasho. Na kileleni mipira hii miwili haifanani, ya nyuzi 60 imebaki na robo ya nishati mwendo, ya nyuzi 30 bado ina robo tatu. Mpira uliorushwa mbele haufiki sifuri kule juu, sehemu ya mwendo wa mbele hakuna wa kuigusa zaidi ya hewa.

Hiyo 45 pia usiishike kama msahafu. Ukiachia mpira usawa wa bega, mita 1.5 toka chini, na unatua ardhini, pembe bora kwa mwendo ule wa 12 inashuka hadi kama nyuzi 42. Ongeza na hili, mkono wa binadamu unarusha kwa kasi zaidi ukielekeza chini kidogo, kwahiyo uwanjani wengi wanafika mbali zaidi kwenye nyuzi 30 na kitu hadi 40. Weka alama ardhini, jaribu pembe tofauti, mwenzako arekodi kwa ubavu ili uisome pembe kwenye fremu mbili za kwanza baada ya vidole kuachia.

Hatua ya saba, kwa nini mwendo mara mbili ni nishati mara nne

Hii ni ya kuchafua mikono. Nenda gereji yoyote omba gololi kubwa ya beringi ya lori, upana wa sentimita mbili na nusu hivi. Kanda udongo wa mfinyanzi mpaka uwe laini bila mabonge, ujaze kwenye karai, sawazisha juu. Dondosha gololi kutoka sentimita 25, itoe taratibu, alafu dondosha sehemu nyingine kutoka mita 1. Kwenye mita 1 inatua na mwendo mara mbili ya ile ya kwanza, mita 4.4 kwa sekunde dhidi ya 2.2.

Sasa chukua bomba la sindano bila sindano yake, jaza maji kwenye kila shimo mpaka usawa na usome mililita. Shimo la pili halibebi mara mbili ya la kwanza, linabeba kama mara nne. Mholanzi Willem 's Gravesande alidondosha mipira ya shaba kwenye udongo hivihivi miaka ya 1720, wakati wasomi wa Ulaya wanagombana kama kinachobebwa na kitu kinachoenda kinakua na mwendo au na mraba wake, na Mfaransa Émilie du Châtelet akaja kuitetea ile ya mraba mwaka 1740. Gololi yako inasema upande gani ulikuwa sahihi kuhusu nishati.

Mdundo, kwa haraka

Kwenye sakafu ya saruji, dondosha mpira wa tenisi kutoka mita 1 usome unapanda kiasi gani. Kanuni zinataka mpira mpya ukidondoshwa kutoka sentimita 254 upande kati ya 135 na 147, kwahiyo kutoka mita 1 utegemee sentimita 53 hadi 58. Maana yake karibu nusu ya nishati inapotea kila mdundo, inaenda kwenye mpira unaominywa na kupata joto, kwenye sakafu na kwenye ile sauti. Mdundo wa tatu umebaki na sentimita 17 hivi. Rudia kwenye mchanga uone, mchanga unachukua karibu yote. Mpira wako ukipanda 40 tu kwenye saruji umeshazeeka, usiutumie kulinganisha na wa mwenzako.

Kudaka

Kinachousimamisha mpira ni kani mara umbali, na umbali huo ni wewe unayeuchagua. Chukua mpira wa miguu wa gramu 430 unaokuja na mita 20 kwa sekunde, una jouli 86. Golikipa akiukazia mikono ukasimama ndani ya sentimita 5, mikono inapokea wastani wa nyutoni (kipimo cha kani) 1,720, sawa na kubebeshwa kilo 175 ghafla. Akiuvuta kuja kifuani, ukasimama ndani ya sentimita 40, zinashuka hadi nyutoni 215. Jouli ni zilezile 86. Kwenye kurusha ni hivyohivyo kwa upande wa pili, mkono uliorudishwa nyuma sana unasukuma kwa umbali mrefu na mpira unaondoka na jouli nyingi bila bega kulazimishwa. Rekodi mrushaji kwa ubavu, pima mkono umesogea na mpira sentimita ngapi kabla ya kuachia, gawa jouli kwa umbali huo kwa mita, utapata nyutoni za wastani alizosukuma nazo.